Miezi 14 bila mkataba mpya: lipi la kudai leo, lipi la kusubiri mezani

SWALI: "Nafanya kazi ya kuhudumia ndege ardhini katika uwanja wa ndege wa Tanga: kupakia na kushusha mizigo, kuelekeza ndege inapoingia maegeshoni, na siku nyingine kukaa kaunta. Tupo kumi. Tisa ni wanachama wa chama cha wafanyakazi, mmoja alikataa kujiunga. Mwajiri wetu ana watu wengi zaidi Dar es Salaam na mikoa mingine. Mkataba wa hali bora, ule wa pamoja kati ya chama na mwajiri, uliisha muda, na chama kinajadili mpya huu mwezi wa 14. Viongozi wamekuja Tanga mara moja tu, wakatuambia tuwe na subira, wakaondoka na basi la jioni. Sasa tunasikia wamekubali nyongeza ya asilimia 4. Mshahara wangu wa msingi ni 480,000. Tunaingia saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, tunakwenda nyumbani, tunarudi saa 9 alasiri hadi saa 1 usiku, siku sita kwa wiki. Malipo ya saa za ziada hatujawahi kuyaona. Msimamizi anasema hilo nalo liko mezani, tusubiri mkataba. Na kila mwezi nakatwa asilimia 2 ya mshahara kuwa ada ya chama. Wenzangu wengine wanataka tujitoe chamani wote, wengine wanataka tuisusie ndege ya Jumatatu. Tumeambiwa pia kwamba watu wa viwanja vya ndege sheria haituruhusu kugoma. Tushike njia gani?"

JIBU: Ndugu yangu, hasira yako umeielekeza kwenye hiyo asilimia 4, na nitaifikia. Lakini jambo zito zaidi katika barua yako ni lile ulilolipitia haraka, kwamba msimamizi amewaambia malipo ya saa za ziada "nayo yako mezani". Hayako mezani, wala hayapaswi kuwapo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inatofautisha migogoro ya aina mbili. Upo mgogoro wa haki: jambo ambalo tayari ni lako kwa sheria au kwa mkataba, ila hujapewa. Na upo mgogoro wa maslahi: jambo ambalo bado si lako, unalitaka, na unaweza kulipata tu mwajiri akikubali. Nyongeza ya mshahara ni maslahi. Malipo ya saa za ziada ni haki. Maslahi hujadiliwa, haki hudaiwa. Mwajiri akifanikiwa kuyatia yote katika kapu moja anapata faida mara mbili: anaendelea kukaa na fedha yenu miezi yote ya mazungumzo, na siku ya mwisho anaitoa haki hiyo mezani kana kwamba ni fadhila, huku chama kikiihesabu kuwa ushindi.

Tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi ni saa 5. Saa 9 alasiri hadi saa 1 usiku ni saa 4. Jumla saa 9 kwa siku, na hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu sheria inaruhusu saa 9 za kawaida kwa siku. Ukiitazama siku moja moja huoni kosa. Lakini kuna kikomo cha pili: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Nyinyi mnafanya 9 mara 6, yaani 54. Kila wiki mna saa 9 za ziada, hata wiki ambayo hakuna ndege iliyochelewa.

Kupata thamani ya saa moja, gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawa kwa saa 45. Kwa 480,000 inakuja shilingi 2,461 na senti kidogo. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani kama 3,692. Kwa saa 9 ni 33,230 hivi kwa wiki, na kwa mwezi inafika 144,000. Sasa iweke kando ya ile asilimia 4, ambayo kwa mshahara wako ni 19,200. Unakesha kwa sababu ya 19,200 ambayo haijawa yako, na 144,000 iliyo yako inapita kila mwezi bila mtu kuigusa.

Kuna na kidogo cha alfajiri. Kisheria usiku ni kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo huongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Ile saa yenu ya 11 hadi 12 ni ya usiku. Inaleta shilingi 123 kwa siku, kama 3,200 kwa mwezi. Si fedha ya kumlisha mtu, lakini iandike, maana madai yaliyohesabiwa hadi senti huheshimiwa kuliko madai ya "tunanyonywa".

Kabla hujakimbilia kudai, hakikisha mambo mawili. La kwanza, soma mkataba wa hali bora wa zamani kama una kifungu cha kukokotoa saa kwa wastani wa wiki au miezi kadhaa. Sheria inaruhusu mpango huo ukiwa ndani ya makubaliano ya pamoja, na ukiwapo hesabu yangu hapo juu itabadilika. La pili, soma mkataba wako wa ajira uone kazi yako imeelezwaje, kwa sababu masharti haya ya saa hayawahusu wafanyakazi wa ngazi ya uongozi. Mpakiaji mizigo si kiongozi, lakini pamewahi kuonekana mikataba inayompa kila mtu cheo cha "msimamizi" kwa makusudi hayo hayo. Jina la cheo pekee halitoshi. Kinachotazamwa ni kazi unayoifanya kweli.

Ukisharidhika, hatua ni hizi. Kila mmoja wenu awe na daftari lake: tarehe, saa ya kuingia, ya kutoka, ya kurudi, ya kumaliza, na ndege iliyochelewa kama ipo. Siku ambayo ndege imechelewa na msimamizi amewaambia msiondoke, muda huo wa kusubiri uandikwe na jina la aliyewazuia, kwa sababu hoja ya kwamba ulikuwa kazini ina nguvu pale ulipokuwa huna ruhusa ya kwenda kwako. Pigeni picha ratiba za zamu zinapobandikwa, kabla hazijabanduliwa. Kusanyeni hati za mshahara. Mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya maandishi ya malipo na makato, na hati isiyo na mstari wa saa za ziada ni ushahidi wenu. Kisha andikeni barua moja fupi kwa mwajiri yenye hesabu, mpeni siku 14 za kujibu, mtu aipokee na kuisaini nakala yenu.

Akikaa kimya, kuna njia mbili. Ofisa wa kazi wa mkoa ana mamlaka ya kukagua na kutoa amri ya kumtaka mwajiri atekeleze viwango vya kazi. Njia hii inafaa pale mnapoogopa kujitokeza majina. Au mnapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi huiita CMA, kwa kujaza Fomu Na. 1. Mnaweza kufungua pamoja, mkaambatanisha orodha yenye sahihi zenu na kumteua mmoja asaini fomu kwa niaba ya wote. Nakala mpelekeeni mwajiri na mwambatanishe uthibitisho kwamba ameipata. Tume haitozi ada ya kufungua. Baada ya hapo msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha.

Hapa ndipo penye mtego wa "tusubiri mkataba". Kanuni za Tume za mwaka 2007 zinatoa siku 60 za kuwasilisha mgogoro usiohusu kuachishwa kazi, na siku 30 kwa unaohusu kuachishwa. Siku hizo hazisimami kwa sababu viongozi wako wako hotelini na mwajiri wanajadiliana. Anayesubiri miezi 14 kisha akafungua madai ya miezi yote atalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku aliyochelewa, na "tuliambiwa tusubiri" si sababu ya kuitegemea peke yake. Kwa hiyo mwezi uliopita na huu ndiyo yenye uzito. Ya nyuma iombeni, lakini msiijengee nyumba.

Tuje kwenye chama. Unaona miezi 14 ni uzembe mtupu. Huenda upo, ila ni vizuri ujue jinsi kazi ya kuhudumia ndege inavyolipwa, kwa sababu sehemu ya ukimya inatoka huko. Kampuni ya huduma za ardhini haimtozi abiria. Inalipwa na shirika la ndege kwa makubaliano ambayo mara nyingi hufuata mkataba wa mfano wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege: kuna sehemu kuu, kuna Kiambatisho A kinachoorodhesha huduma, na Kiambatisho B kinachotaja uwanja husika, huduma zilizochaguliwa na bei, kwa kawaida kwa kila ndege inayoingia na kutoka. Bei hiyo hufungwa kwa kipindi. Katikati ya kipindi mwajiri akipandisha mishahara, hawezi kulirudia shirika la ndege siku hiyo hiyo na kuomba nyongeza. Ndiyo maana huvuta muda hadi viambatisho vinapokaribia kufanywa upya, na ndiyo maana mjadili mzuri wa upande wa wafanyakazi huuliza mapema: Kiambatisho B cha wateja wakubwa kinaisha lini? Madai yanayofika miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo yana nguvu kuliko yanayofika mwezi mmoja baada yake. Chama kilichotambuliwa na mwajiri kuwa wakala wa majadiliano kina haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili kujadiliana kwa maana, na sheria inazitaka pande zote mbili kujadiliana kwa nia njema. Waulizeni viongozi kama taarifa hizo waliziomba, na kama waliziomba kwa maandishi.

Kuna ukimya wa halali na usio wa halali. Kamati ya majadiliano ina sababu ya kutotangaza kiwango cha chini kabisa itakachokubali. Kikifika kwa mwajiri kabla ya wakati, mazungumzo yamekwisha. Lakini haina sababu ya kuficha orodha ya madai iliyowasilisha, tarehe za vikao, nani yumo ndani ya kamati, na vifungu vipi vimeshakubaliwa. Hayo mwajiri anayajua tayari. Anayefichwa ni mwanachama peke yake.

Na hiyo asilimia 4, mmeisikia wapi? Uvumi wa namba mara nyingi hutoka upande wa mwajiri, kupima kama watu watafoka au watanyamaza. Ulizeni: ni pendekezo la maandishi? Limetoka kwa nani, tarehe gani? Linahusu ngazi zote? Na yapo matatu yenye maana kuliko asilimia yenyewe.

Kwanza, tarehe ya kuanza. Asilimia 4 inayorudi nyuma hadi mwanzo wa miezi 14 ina malimbikizo ya 268,800 kwako. Asilimia 4 inayoanza siku ya saini haina hata senti ya nyuma. Pili, muda. Mfumuko wa bei nchini ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4 mwaka 2023, ukakaa karibu na 3 katika miaka miwili iliyofuata. Asilimia 4 mara moja tu kwa mkataba wa miaka miwili, baada ya mwaka na zaidi bila nyongeza, ni mshahara unaoshuka taratibu huku ukionekana kupanda. Asilimia 4 kila mwaka ni habari nyingine. Tatu, asilimia dhidi ya kiwango sawa. Asilimia 4 humpa mwenye milioni mbili 80,000 na wewe 19,200, na nazi ya Ngamiani bei yake ni moja kwenu wote. Watu wa ngazi za chini hufaidika zaidi na kiasi kimoja kwa wote, au mchanganyiko wa kiasi na asilimia.

Usisahau pia kwamba 19,200 haifiki mfukoni nzima. Mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 unachukua 1,920. Kodi ya mshahara kwa daraja lako, la kuanzia 270,000 hadi 520,000, ni asilimia 8 ya kilichobaki, kama 1,382. Ada ya chama 384. Unabaki na 15,514. Hata hivyo, nyongeza iliyoingia kwenye mshahara wa msingi ni bora kuliko posho ya mkupuo yenye kiasi kikubwa kidogo, kwa sababu msingi ndio unaobeba malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo. Mkupuo hulipwa mara moja, hauingii kwenye msingi, na mwakani hautahesabiwa popote.

Tatizo lenu la kweli chamani ni idadi. Kikundi cha majadiliano, yaani wafanyakazi wote wanaojadiliwa mkataba mmoja, kikijumuisha vituo vyote, wenye sauti ni Dar es Salaam. Wao hugombea usafiri wa usiku na zamu zenye urefu wa saa 12. Zamu yenu ya vipande viwili, ile inayomfanya mtu wa Chumbageni alipe bodaboda mara nne kwa siku, haimo vichwani mwao kwa sababu hawaijui. Tanga huitwa mji wa waja leo waondoka leo, na viongozi wenu wameuchukulia msemo huo kuwa ratiba ya kazi. Basi msiwangoje warudi. Andikeni madai mawili ya Tanga, yenye bei: kwa mfano posho ya zamu iliyokatwa kwa kila siku inayofanyiwa kazi vipande viwili, na malipo ya muda wa kusubiri ndege iliyochelewa kuanzia dakika ya 30. Hesabuni gharama ya mwaka mzima kwa watu kumi. Ni ndogo mno kwa mwajiri mkubwa, na dai dogo lenye hesabu hupitishwa saa za mwisho za mazungumzo, pande mbili zinapotafuta kitu cha kukubaliana.

Hapa nina jambo la kukufurahisha. Sheria inatoa idadi ya wawakilishi wa chama mahali pa kazi kwa kutazama wanachama: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20. Nyinyi mko tisa. Yule mmoja aliyekataa akijiunga, mnapata wawakilishi watatu badala ya mmoja, wenye muda unaolipwa wa kufanya shughuli za uwakilishi kwa kiasi kinachofaa, na wenye kazi ya kisheria ya kufuatilia kama mwajiri anatii sheria za kazi. Wenzako wanataka kupunguza idadi ilhali mnahitaji kuongeza mtu mmoja tu.

Nikigusa hilo la kujitoa: haki unayo. Makato ya ada huanza kwa idhini yako ya maandishi, ile fomu ya TUF 6, na unaweza kuifuta kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Hakuna anayeweza kukulazimisha uwe mwanachama ili ubaki kazini. Wazee wanaosema "chama ni cha serikali, hutoki" wanakumbuka zama za NUTA iliyoundwa mwaka 1964 na JUWATA iliyoifuata, chama kimoja kwa nchi nzima. Zama hizo zimepita. Lakini fahamu unachokipoteza. Chama kilichotambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, kwa kuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kikundi, husaini mkataba unaowabana hata wasio wanachama. Utapata hiyo hiyo asilimia 4, ila bila kura. Na kama kuna makubaliano ya ada ya uwakala, asiye mwanachama naye hukatwa, kiasi kisichozidi ada ya mwanachama. Mtu anaweza kujitoa kwa hasira akakuta anakatwa vilevile.

Kujitoa kwa wengi, nchi nzima, kuna athari nyingine. Chama kikishuka chini ya nusu, mwajiri hukipa notisi ya miezi mitatu kirudishe idadi, la sivyo anaondoa utambuzi. Utambuzi ukishaondolewa, hakuna wa kumlazimisha mwajiri akae mezani. Kuhamia chama kingine kunaweza kuwa sahihi mwishowe, lakini kufanyike baada ya kusaini, si katikati ya mazungumzo, na kufanyike mkiwa mmeshahesabu watu wa Dar es Salaam. Tisa wa Tanga peke yao hawahamishi utambuzi wa mtu.

Kuhusu mgomo, mmedanganywa nusu. Orodha ya huduma muhimu ambazo watu wake hawagomi inataja maji na usafi, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, na uongozaji wa ndege angani pamoja na mawasiliano ya usafiri wa anga, na usafiri unaohitajika kuziendesha huduma hizo. Aliye mnarani anayezungumza na rubani yumo. Anayesukuma toroli la mizigo hamo kwa kuwa tu kazi yake iko ndani ya uzio uleule. Kamati ya Huduma Muhimu inaweza kuongeza huduma nyingine, na mkataba wenu unaweza kuwa na kifungu cha kiwango cha chini cha huduma zinazopaswa kuendelea wakati wa mgomo, kwa hiyo hakikisheni. Lakini ile kauli kwamba "watu wa uwanja wa ndege hawagomi" si sheria.

Nusu nyingine ni kweli: kuisusia ndege ya Jumatatu bila utaratibu si mgomo halali, na inaweza kuwagharimu kazi. Utaratibu ni huu. Mgogoro uwe wa maslahi. Saa za ziada hazigomewi, hudaiwa. Usiwe umeshatawaliwa na mkataba wa pamoja ambao bado unatumika, na hapa soma kifungu cha muda cha ule wa zamani, maana mingi husema utaendelea kutumika hadi mpya usainiwe. Mgogoro upelekwe Tume, siku 30 za usuluhishi zipite bila mwafaka. Chama kipige kura kwa mujibu wa katiba yake na walio wengi kati ya waliopiga wakubali. Kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mkifuata hayo, mwajiri haruhusiwi kuwafukuza kwa kugoma wala kuleta vibarua wa kuziba nafasi zenu. Lakini halazimiki kulipa siku msizofanya kazi, na nyinyi hamruhusiwi kusimama langoni kuzuia watu. Makuli wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939 pasipo na kinga hizi hata moja. Nyinyi mnazo, ila zina masharti.

Angalia kitu kimoja katika mlolongo huo: usuluhishi wa Tume unakuja kabla ya kura. Watu wengi hudhani Tume ni ya waliofukuzwa tu. Mazungumzo ya mshahara yaliyokwama nayo hupelekwa huko, na msuluhishi wa nje mara nyingi hulazimisha namba kuwekwa wazi ndani ya mwezi mmoja. Swali zito la kuwauliza viongozi wenu ni hili: katika miezi 14, kwa nini hamjapeleka mgogoro Tume? Anayejibu "tunalinda uhusiano" amewaambia mengi.

Kwa hiyo njia ninayoiona nzuri kwenu ni kuwabana kwa karatasi. Itisheni kikao cha wanachama tisa, au kumi mkimpata yule, mchague mwandishi wa muhtasari, mpitishe azimio lenye mambo machache: tupewe nakala ya madai yaliyowasilishwa na tarehe za vikao, madai mawili ya Tanga yaingizwe, rasimu ya mkataba irudishwe kwa wanachama kabla ya saini, na ikiwa hakuna mwafaka ndani ya siku 30, mgogoro upelekwe Tume. Sentensi ya rasimu ndiyo muhimu kuliko zote. Sheria inataka mkataba uwe wa maandishi na usainiwe, nao unaanza kubana tangu saini ya mwisho isipokuwa wenyewe useme vingine. Kama wanachama lazima waulizwe kabla, hilo liko kwenye katiba ya chama, na kila katiba ina lake. Ombeni nakala ya katiba, na hiyo pia kwa maandishi. Azimio lenu litumeni kwa katibu wa tawi, nakala makao makuu, na mpeleke nakala kwa wenzenu wa vituo vingine vidogo. Vituo vitano vyenye watu tisa tisa ni watu 45, na kiongozi anayeomba kura uchaguzi ujao anajua kuhesabu.

Viongozi wakikiuka katiba yao wenyewe, mwanachama anaweza kuomba amri Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mahakama itauliza kwanza kama mmemaliza njia za ndani ya chama, ndiyo maana nakazania barua na mihtasari hata pale inapoonekana ni kupoteza wino.

Kuna nyakati ambazo kusoma jibu kama hili hakutoshi, na unapaswa kwenda kuonana na mtu uso kwa uso. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu baada ya kudai saa zako, nenda na mwakilishi wa chama, usiende peke yako. Ukipewa mkataba mpya wa kusaini wenye kifungu kwamba mshahara "unajumuisha saa zote za ziada", usisaini siku hiyo. Omba nakala, mwone ofisa wa kazi kwanza. Ukiachishwa, au mkataba wa muda maalumu ukikataliwa kufanywa upya kwa sababu ya madai haya, siku 30 zinaanza kuhesabika hapo hapo. Nenda ofisi ya Tume mjini Tanga wiki hiyo hiyo. Kudai haki iliyomo kwenye sheria au kuwa mwanachama wa chama si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, lakini kinga hiyo hutumika ukiifikia kwa wakati. Na madai yenu yakivuka usuluhishi kwenda kwenye uamuzi, tafuteni wakili au ofisa wa chama anayejua kazi za Tume, angalau wa kuwapitishia hati.

Utakapokwenda, beba mkataba wa ajira, mkataba wa hali bora wa zamani, hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, daftari la saa, picha za ratiba za zamu, na nakala ya barua yenu kwa mwajiri ikiwa na sahihi na tarehe ya aliyeipokea.